Sindano ya Bibie

Miaka yote aliyokaa Makambako, Bibie alificha jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililomfikisha kwenye simu za watu asiowajua.

Alikuwa mnunuzi wa parachichi. Ndoa ndiyo iliyomleta kutoka Korogwe, mume akiwa dereva wa malori. Mume akafariki, ndugu wakagawana malori, yeye akabaki Lyamkena, humohumo Makambako, na binti mmoja na mdomo wake. Kwa mdomo huo alisimamisha shedi ya mabati kando ya barabara iendayo Njombe, akawa ananunua parachichi kwa wakulima wa kijiji cha Kichiwa, anazichambua, anazipanga kwenye makreti na kuzipakia kwenda Dar es Salaam. Tunda bovu alilikataa mbele ya mwenye tunda, bila kupunguza sauti. Tunda zuri alilisifu kwa sauti hiyohiyo. Wakulima walimwogopa kidogo na kumwamini sana, naye akaridhika. Hakuwahi kutaka zaidi ya hapo kutoka kwa binadamu.

Alichokificha ni kisukari. Waliojua walikuwa wawili, muuguzi wa kliniki na binti yake Lulu. Wengine hawakuambiwa kwa sababu Bibie aliwajua watu. Ukisema una sukari, kesho yake kila mtu ni daktari. Huyu anakuletea mizizi iliyochemshwa, yule anakutazama miguu akikisia itakatwa lini, na dalali mwenzako anawanong'oneza wateja kwamba yule mama msimwekee tena matumaini. Kwa hiyo kila mchana kabla ya kula alikwenda nyuma ya makreti, akaipa barabara mgongo, akanyanyua bomba la sindano kwenye mwanga kutazama kama lina hewa, kisha akainua pindo la blauzi ndani ya khanga na kujichoma tumboni. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Baada ya hapo alinawa na kula wali wake.

Siku yenyewe ilikuwa ya Juni, baridi ile ya Makambako inayokuja na upepo wa kukata masikio. Basi lilisimama ng'ambo ya barabara, kondakta akigombana na mtu wa mizigo. Abiria mmoja alichoka kutazama ugomvi, akageuza simu upande wa pili. Ni nani, haijajulikana mpaka leo. Alichonasa ni mkono wa mwanamke ukinyanyua sindano juu, kidole kikiigonga, kisha mwanamke akiinama kuelekea kwenye makreti yaliyojaa parachichi. Tumbo halikuonekana. Video ilikatika hapohapo, labda basi liliondoka.

Kabla jua halijazama ilikuwa kwenye ukurasa wa Jofrey.

Jofrey alikuwa mpiga picha za pasipoti karibu na stesheni ya reli. Simu zilipokuja na kamera zake, wateja wakamkimbia, naye akafungua ukurasa unaoitwa Makambako Bila Chenga. Huko alirusha ajali, fumanizi na watoto wenye vipaji, na kati ya hivyo akatangaza dawa ya kuotesha nywele. Watu walimwita mwanahabari. Bibie alimwita mpiga picha za pasipoti.

"MUNGU WANGU!!" aliandika Jofrey. "MAMA ANASWA LAIVU AKIZICHOMA PARACHICHI SINDANO YA SUMU ILI ZIIVE HARAKA. WATANZANIA TUNAKULA NINI?? Sambaza kabla hawajaifuta."

Hakuna aliyejiuliza hao wa kuifuta ni akina nani, wakati mwenye uwezo wa kuifuta alikuwa Jofrey peke yake.

Lulu ndiye aliyemwonyesha mama yake. Alikuwa amemaliza chuo na hajapata kazi, anashinda nyumbani na simu mkononi. Alitoka nayo chumbani akiwa ameishika kama mtu aliyebeba chombo kinachovuja.

"Mama, kaa kwanza."

"Sema. Habari mbaya nazisikia nikiwa nimesimama."

Alitazama. Alijitambua kwa khanga na kwa namna ya kuinama. Akasoma tena maneno ya juu, akacheka kwa pua.

"Ziive haraka!" alisema. "Lulu, mimi napeleka parachichi Dar. Niziivishe hapa zifike uji?"

Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kuliko hata kuitwa muuaji. Mkoa mzima ule, hata mtu aliyelewa, anajua kwamba parachichi ya kusafiri inatakiwa iwe ngumu kama jiwe. Mtu wa Dar akiamini uongo huo, unaweza kumsamehe. Lakini aliposhuka kwenye maoni akawakuta watu wa Njombe, watu wenye miti nyuma ya nyumba, wakiandika kwa uchungu kana kwamba wameliona tunda hilo kwa mara ya kwanza leo. Mmoja alisema ndugu yake alikula parachichi juzi akaharisha. Mwingine, aliyejiita daktari na kuweka picha ya simba, alitaja jina refu la kemikali. Wa tatu alisema hawa wa kuja ndio wanaotuua, warudi kwao. Chini yake watu walikuwa wameweka mioyo na vidole gumba, wamepanga foleni kana kwamba kuna kitu cha bure kinagawiwa.

"Tuseme ukweli," alisema Lulu. "Tupige picha ya dawa, uongee kidogo, yaishe leoleo."

"Nimfunulie nani tumbo?"

"Si kufunua, mama. Kueleza tu."

"Tumbo langu nimelifunua kwa baba yako na kwa nesi. Jofrey ni yupi kati ya hao?"

Lulu aliichukua simu yake. Alimjua mama yake. Akishakataa kwa swali, hakuna wa kumgeuza.

Asubuhi yake redio moja ya mjini Njombe iliisoma video. Redio haina picha, lakini hilo halikuwazuia. Kulikuwa na kipindi cha kupitia yaliyovuma mitandaoni, na mtangazaji, Jacob, mwenye sauti nzito inayofanya hata bei ya mbolea ionekane siri ya serikali, alisema hivi: "Taarifa hizi bado hatujazithibitisha, lakini inadaiwa kwamba mama mmoja mfanyabiashara wa Makambako..." Kisha akafungua simu kwa wasikilizaji wachangie. Walichangia sana.

Bibie alivaa koti, akafunga mtandio, akapanda gari la Njombe. Studio ilikuwa juu ya maduka ya nguo. Jacob alitoka kumpokea akiwa na vipokea sauti shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyesoma habari ya mama wa sindano?"

"Ndiyo, mama. Ulitaka kuchangia?"

"Ndiye mimi."

Kijana alitazama nyuma kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. "Pole, mama. Ila sisi hatukusema ni kweli. Tulisema inadaiwa."

"Anayedai nani?"

"Mitandao."

"Mitandao ina baba na mama? Nipeleke kwao."

"Mama, ndivyo tunavyoandika habari. Tumejilinda, tumesema hatujathibitisha."

"Mmejilinda nyinyi," alisema Bibie. "Basi mimi nipo mbele yako. Kutoka Makambako mpaka hapa ni karibu, mtu hasinzii hata njiani. Hukuja. Sasa nimekuja mimi. Thibitisha."

Alidhani atamwona akiona haya. Lakini macho ya Jacob yalikuwa yamewaka kwa jambo jingine kabisa. Aliyesimama mbele yake hakuwa tena mtu aliyesingiziwa, ni kipindi kizima kimepanda ngazi chenyewe.

"Mama, uko tayari kuingia hewani? Sasa hivi?"

Alijua ingekuwa heri aondoke. Lakini alikuwa amekuja na hasira, na hasira inataka mahali pa kuiweka. Akaingia, akawekewa kipaza sauti, akaeleza kwa ufupi na kwa kiburi kwamba parachichi zake hazichomwi kitu, na kwamba mwenye akili ajiulize kwa nini mtu aozeshe mzigo wake mwenyewe.

"Sawa kabisa, mama," alisema Jacob kwa ile sauti nzito. "Sasa wasikilizaji wanauliza, ile sindano ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa yangu."

"Ya nini, mama?"

"Ya kwangu mwenyewe. Haiwahusu."

Kukawa na kimya kidogo, na Bibie akasikia jinsi kimya hicho kinavyofaa redio. Mchana kichwa cha habari kikawa: Mama wa Parachichi Agoma Kueleza Sindano. Jofrey alikichukua, akakiwekea alama za moto. Mpaka jana yake kulikuwa na watu waliokuwa wanasita. Sasa nao wakasema, kama hana cha kuficha, kwa nini afiche?

Wakaja maofisa wa afya wenye makoti meupe kuchukua matunda ya kupima. Walikuwa na adabu, walisalimia, mmoja hata alisema kwa sauti ya chini kwamba anajua hakuna kitu. Lakini majibu, walisema, yatatoka kwa utaratibu. Jofrey alikuwa nje ya shedi akiwapiga picha. Kwamba walisalimia hakuandika. Aliandika WAVAMIA.

Mteja wa Bibie wa Dar alimpigia simu. "Mama, mimi nakuamini asilimia zote. Ila wateja wangu ndio wameona. Tupumzike kidogo."

"Unaniamini, ila unapumzika."

"Nielewe, mama."

Alimwelewa vizuri sana. Alikuwa ameanza kuona kwamba nchi nzima imejaa watu wasioamini jambo lile, na wote wanafanya sawasawa na wanaoliamini.

Mpaka hapo ungeweza kusema ni balaa la mtu mmoja. Watu wa huku juu nao walidhani hivyo. Kwenye sauti zao za kulaani kulikuwa na raha ndogo, maana anayezama ni mgeni, mwanamke mwenye maneno, wala hayupo kwenye daftari la kanisa lao. Kumbe mtu wa Dar hajui Bibie ni nani. Kichwani mwake kuna maneno mawili tu, parachichi na Njombe, na katikati yake kuna sindano. Wanunuzi wakaacha kuchukua mzigo wa Bibie, kisha wa dalali aliyemfuata, kisha wa wote. Malori yakapita Makambako matupu. Kichiwa matunda yakaanza kudondoka yenyewe, nguruwe wakashiba mpaka wakayakataa.

Katika siku hizo ndipo Lulu, akipekua simu ya mama yake kutafuta namba ya mteja, aliposimama ghafla.

"Mama, wewe bado uko kwenye kundi la wakulima wa Kichiwa?"

"Waliniingiza wenyewe, niwatangazie siku ya gari. Sijalifungua wiki nyingi. Wanatumiana maua tu."

Lulu alimpa simu. Kati ya maua na salamu za asubuhi njema ilikuwapo video ile. Aliyeituma ni Efraimu, mwenyekiti wa wakulima, mzee wa usharika, mtu ambaye Bibie alinunua mazao yake tangu miti yake ikiwa na urefu wa kiuno. Kwenye harusi ya binti wa Efraimu, Bibie alipika pilau, akakesha na sufuria. Chini ya video Efraimu alikuwa ameandika: "Wapendwa, tuwe makini na hawa wanunuzi." Akaweka mikono miwili ya kusali. Wengine wakajibu amina.

Alikuwa ameituma kwenye kundi ambalo Bibie mwenyewe yumo. Hakukumbuka hata hilo. Chuki yenye mpango Bibie angeweza kuiheshimu, kwa sababu adui anayekupangia angalau anakufikiria. Huyu hakuwa na chuki yoyote. Kidole chake kilikuwa na nafasi.

Majuma hayakuwa mengi kabla Efraimu hajaja Lyamkena, na wenzake wawili, kofia mikononi.

"Kamwene, Mama Lulu," alisalimia.

Bibie alikuwa amejifunza Kibena cha kutosha kuitikia na kubembelezana bei. Siku hiyo hakuitikia kwa lugha yoyote. Aliendelea kufuta kreti tupu.

"Tuna shida, mama yetu," alisema Efraimu. "Mzigo unaoza. Watoto wako shule. Tumekaa kama kikundi tukaona mtu wa kutuokoa ni wewe. Ukitoka pale redioni, au kwa yule Jofrey, ukaeleza ile sindano ilikuwa ya nini, watu wataelewa, malori yatarudi."

"Mnaitaka sindano yangu."

"Maelezo tu, mama."

Bibie aliweka kitambaa chini. "Efraimu, nikuulize, na ujibu kama mzee wa kanisa. Ulipoiona ile video, uliamini?"

Mzee alihema. "Hapana. Mungu ananiona. Nilisema huyu namjua."

"Uliituma kabla ya kusema hivyo au baada?"

Mmoja wa wenzake alikohoa. Efraimu aliigeuzageuza kofia yake.

"Kila mtu alikuwa anatuma," alisema hatimaye. "Ilikuja kwangu mara nyingi. Nikasema wenzangu wasije wakasema mwenyekiti hatuarifu."

"Ulikuwa na namba yangu."

"Nilikuwa nayo."

"Ungepiga ukauliza, Mama Lulu, hii ni nini?"

"Niliona aibu kukuuliza."

"Aibu ya kuniuliza ulikuwa nayo," alisema Bibie polepole. "Ya kunitangaza hukuwa nayo. Efraimu, ungeamini ningekusamehe. Mjinga namsamehe. Nendeni mkapalilie."

"Mama, mazao—"

"Mazao mmeyaua wenyewe, kwa vidole vyenu, mkiwa mmekaa jikoni mnaota moto. Mimi sikumwagiza hata mmoja wenu. Nendeni."

Walikwenda. Lulu alikuwa amesimama mlangoni kwa ndani, amesikia kila neno. Alimwona mama yake akikaa juu ya kreti na kushika ukuta. Siku zile Bibie hakuwa akila kwa mpangilio, na dawa ya sukari haimsubiri mtu amalize hasira. Lulu alimpa chai na mkate, akangoja mikono ile iache kutetemeka. Alirudi ndani, akafungua friji, akapiga picha chupa za dawa zilizopangwa kando ya vitunguu, kisha akajigeuzia kamera na kuongea. Alisema huyu ni mama yangu, ana kisukari, alikuwa anajichoma dawa yake ili aendelee kuishi, na nyinyi mmemwita muuaji. Alilia katikati. Hakupanga kulia, lakini alilia, akaituma.

Ilipita kote kwa kasi ileile ya kwanza, na kwa vidole vilevile. Hilo Bibie aliligundua asubuhi, kabla hata hajajua kilichotokea, alipoamka na kukuta simu imejaa namba ngeni. Mwanamke wa Mbeya alimwambia achemshe majani ya mstafeli. Mtu wa Arusha alimuuzia vidonge lishe vinavyoosha kongosho. Mwingine alimwombea kwa sauti mpaka salio likaisha. Akafungua ukurasa. Yule daktari mwenye picha ya simba alikuwa ameandika kwamba yeye tangu mwanzo aliona ile ni sindano ya insulini. Yule aliyemwambia arudi kwao alikuwa ameweka moyo uliovunjika na maneno "mama yetu wa nguvu". Hakuna aliyesema nilikosea. Waliingia kwenye huruma kama walivyoingia kwenye chuki, kwa miguu michafu, bila kubisha hodi.

Redio nayo ikasema kwamba kituo hicho kiliripoti suala hilo kwa tahadhari tangu awali. Sauti ya Jacob ilikuwa na unyenyekevu mzuri sana.

"Ni wewe," Bibie alimwambia Lulu.

"Ni mimi."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza. Nikakuona umekaa kwenye kreti umekuwa rangi ya majivu." Lulu hakurudi nyuma. "Mama, wewe unawadharau sana watu. Sawa. Wanastahili. Lakini ulikuwa tayari kufa ili wasijue kwamba unaumwa. Hiyo ni dharau gani inayomwua mwenyewe?"

"Kilikuwa kitu changu, Lulu. Nilikuwa nacho kimoja tu ambacho hawajakishika."

Wakakaa siku kadhaa wakipeana chumvi mezani bila kutazamana.

Jofrey alikuja kabla siku hizo hazijaisha. Alikuja na taa ya duara, na kijiti cha kusimamishia simu, na kreti zima la soda lenye utepe mwekundu. Alilibeba mwenyewe mbele ya kamera, akipaza sauti kwa furaha: "Makambako Bila Chenga tumeguswa, tumekuja kumshika mkono mama yetu shujaa!"

Bibie alitazama soda, akamtazama Jofrey, akaona kwamba hajui. Kweli hajui. Alikuwa ameandika neno kisukari pengine mara mia tangu juzi, na hakuna hata mara moja lilipopita kichwani mwake likaelekea mkononi.

"Mama, una ujumbe gani kwa wafuasi wetu waliosimama na wewe?"

"Waliosimama na mimi lini?"

"Katika kipindi hiki kigumu."

"Kipindi kigumu umekileta wewe."

Jofrey alicheka, akageuza simu kidogo. "Hapo tutakata. Ujumbe tu, mama, mfupi."

"Haya. Waambie walikuwa wajinga wiki ile, na wiki hii hawajabadilika, wamehamia tu upande wa pili wa barabara. Kesho wakimpata mwingine watahama tena. Na wewe, Jofrey, hujafanya hata ubaya wa maana. Ningejua umenichukia, au umelipwa, ningekutafuta. Umefanya kwa sababu ulikuwa huna la kurusha siku hiyo. Chukua soda zako."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka barabarani na vumbi, macho yake yakawa na maji. Jioni ukurasa ulitoa video isiyo na sauti yake, yenye muziki wa kinanda: MAMA BIBIE AMWAGA MACHOZI YA FURAHA BAADA YA KUSHIKWA MKONO. Watu walilia nchi nzima. Soda aliwagawia wapakiaji wa shedi ya jirani.

Malori yalirudi. Majibu ya maofisa nayo yalitoka, karatasi moja isemayo matunda hayana kitu, na hakuna ukurasa ulioyarusha kwa sababu hayakuwa na la kusisimua. Mteja wa Dar alipiga simu akiwa mchangamfu, akasema sasa wateja wanaomba parachichi za yule mama mgonjwa, jina limekua, ikiwezekana abandike picha yake kwenye makreti. Bibie alimwambia akibandika picha watavunja biashara. Mzigo alimpa. Alikuwa mfanyabiashara, na parachichi hazikumkosea.

Ila Kichiwa hakurudi. Alikwenda Mdandu, akaanza upya na watu ambao hawamjui, akikataa matunda mabovu mbele ya wenyewe kama kawaida yake. Wao pia walikuwa wameiona video, bila shaka, na wao pia waliituma. Tofauti ni kwamba hawa hawakuwahi kula pilau yake.

Efraimu alituma ujumbe wa kuomba radhi, mrefu, wenye aya za Biblia. Baadaye akaja mwenyewe tena, peke yake, akasimama nje ya shedi kwenye baridi. Bibie alimwacha akae, akampa kikombe cha chai kwa sababu nyumbani kwake mgeni hakosi chai. Mzee alisema dalali mpya anawanyonya, anachukua kwa mkopo halafu hapokei simu.

"Pole," alisema Bibie.

"Mama Lulu, sisi ni binadamu."

"Najua. Ndilo tatizo langu."

Alimsindikiza mpaka barabarani, kwa adabu zote, na hakununua kwake hata tunda moja. Aliporudi ndani alijisikia vibaya. Alijipima kama ni huruma au ni uchovu, akashindwa kujua. Hakubadilisha uamuzi.

Lulu alikuwa kwenye makreti, akipanga parachichi za Mdandu, vikonyo vyote vikitazama upande mmoja kama alivyofundishwa utotoni. Simu ilikuwa mfukoni.

"Nimeifuta ile video yangu," alisema bila kugeuka. "Haisaidii, wengine wanayo. Lakini kwangu nimeifuta."

Bibie alichukua tunda kutoka kwenye kreti la binti yake, akalibonyeza, akalirudisha.

"Ulinivua nguo barabarani," alisema. "Na ukaniokoa mzigo. Yote mawili umeyafanya, na mimi siwezi kukushukuru kwa moja nikasahau la pili. Nipe muda."

"Sawa, mama."

"Na hilo la chini lina michubuko, hulioni?"

Lulu aliinama akalitoa. Nje dereva wa lori alipiga honi, wapakiaji wakainuka, na mama na binti wakashika kreti la kwanza, huyu upande huu na yule upande ule, wakalitoa nje.